SOMO LA AFYA: Dawa za kansa, nywele kunyonyoka, na msaada wa kulipia matibabu



Katika mikutano ya kina mama na tunapopita nyumba kwa nyumba, kuna swali linalorudi kila mara: "Tumesikia kuna kofia ya baridi inayozuia nywele zisianguke wakati wa dawa za kansa. Je, HCR inaweza kutulipia?" Wengine wanaongeza kwamba ni afadhali kubaki na ugonjwa kuliko kurudi kambini na kichwa kitupu. Neno hilo ni zito, kwa sababu linaweza kumgharimu mtu maisha yake. Basi tujifunze pamoja.

Baada ya somo hili utaweza kueleza:
- kwa nini nywele zinaanguka na kofia ya baridi inafanya kazi gani;
- nani anaweza kulipiwa kofia hiyo, na mkimbizi aliye Burundi anaweza kuomba msaada gani;
- namna ya kumtunza mgonjwa ambaye nywele zimeanguka.

1. Kwa nini nywele zinaanguka?

Kansa ni chembe za mwili zinazozaana haraka bila mpango. Dawa za kansa, ambazo mara nyingi zinapitishwa kwenye mshipa kwa serumu, zinaua chembe zinazozaana haraka. Lakini dawa haichagui. Mizizi ya nywele nayo inazaa haraka, kwa hiyo inapigwa pia.

Si dawa zote zinazofanya hivyo. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, na paklitakseli zinaangusha nywele sana. Nyingine zinazipunguza tu. Nywele zinaanza kuanguka wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza. Dawa zikiisha, nywele zinaota tena, na kwa kawaida zinaonekana vizuri baada ya miezi 2 au 3. Pengine zinarudi laini zaidi au na rangi tofauti kidogo.

Kunyonyoka nywele si alama ya kifo, si laana, na hakuambukizi mtu yeyote.

2. Kofia ya baridi ni nini?

Ni kofia iliyounganishwa na mashine inayopitisha maji baridi sana. Mgonjwa anaivaa karibu nusu saa kabla ya dawa kuanza, wakati wote dawa inapoingia, na mara nyingi saa moja na nusu au zaidi baada ya dawa kwisha. Baridi inabana mishipa midogo ya damu ya kichwani, na hivyo dawa kidogo tu inafika kwenye mizizi ya nywele.

Inasaidia, lakini si kila mtu. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili ya Marekani kwa wanawake wenye kansa ya titi. Katika jaribio moja karibu nusu ya waliovaa kofia, na katika jingine karibu theluthi mbili, walibaki na nusu ya nywele zao au zaidi. Wasioivaa hawakubaki nazo. Kofia hii haifai kwa wenye kansa ya damu, kwa sababu chembe za kansa zinaweza kujificha kichwani mahali dawa haikufika.

Angalizo: usijaribu kufunga barafu kichwani mwenyewe. Baridi isiyopimwa inaweza kuunguza ngozi kama moto.

3. Nani analipa kofia hiyo?

Nchini Uingereza hospitali nyingi za serikali zinaitoa bila malipo. Nchini Marekani matibabu yote kwa kofia hiyo yanaweza kufika dola 1,500 hadi 3,000. Huko kuna shirika la HairToStay, lililoanza mwaka 2016, ambalo linawasaidia wenye kipato kidogo kulipa sehemu ya gharama. Lakini msaada huo ni kwa wanaoishi na kutibiwa kule. Kama una dada au shangazi aliyehamia Marekani na amepatikana na kansa, mwambie amuulize mfanyakazi wa jamii wa hospitali yake kabla ya dozi ya kwanza. Akichelewa, kofia haitarudisha nywele zilizokwisha kuanguka.

Kwa sisi tulio kambini jibu ni wazi: usiitegemee kofia hiyo. Fedha za rufaa ni kidogo, na zinawekwa kwanza kwenye kuokoa maisha. Kofia inalinda nywele, haiponyi kansa.

4. Basi sisi tunaweza kuomba msaada gani?

Unaweza kuomba kulipiwa matibabu yenyewe. Njia ni hii:

Kwanza, unaanzia kwenye kituo cha afya cha kambi. Muuguzi au daktari akiona dalili, anakuandikia karatasi ya rufaa, ile tunayoiita transferi.

Pili, unapimwa hospitali. Ugonjwa ukiwa mgumu, unaweza kupelekwa kwenye hospitali kubwa za Bujumbura.

Tatu, matibabu yakiwa ya bei kubwa, faili lako linapelekwa kwenye kamati ya waganga. Mwaka 2009 HCR ilitoa mwongozo wa rufaa za wakimbizi. Kamati inaangalia mambo mawili makubwa: mgonjwa ana matumaini gani ya kupona, na gharama ni kiasi gani. Haiangalii kabila wala sura ya mtu.

Tusifichane: si kila faili linakubaliwa. Huko Yordani, kati ya mwaka 2010 na 2012, kamati ya namna hii ilipokea maombi 511 ya wakimbizi wenye kansa. Yaliyokubaliwa ni 246, hayafiki nusu. Mengi yalikataliwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa, au bei ilikuwa kubwa mno.

Hapa ndipo penye fundisho. Kansa ikigunduliwa mapema, matumaini ni makubwa na mara nyingi gharama ni ndogo, na faili lako lina nguvu mbele ya kamati. Mama anayeficha uvimbe wa titi mwaka mzima kwa kuogopa kupoteza nywele anajifungia mlango yeye mwenyewe. Uvimbe wa titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Usingoje uume. Vilevile, ukitokwa na damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, nenda kituoni.

Jambo jingine: huduma za HCR na mashirika yake ni bure. Mtu akikuomba faranga ili aweke jina lako kwenye orodha ya transferi, au akikuuzia mafuta ya kuzuia nywele zisianguke, usimpe kitu. Toa taarifa kwenye ofisi ya malalamiko.

5. Namna ya kumtunza mgonjwa

- Kata nywele ziwe fupi kabla ya wiki ya pili. Zikianguka fupi, hazishtui sana.
- Usisuke wala usitie dawa ya kulainisha nywele.
- Osha kichwa polepole kwa sabuni isiyo kali, na lalia kitambaa laini.
- Jifunike kwa kitenge au kofia, mchana kwa sababu ya jua na usiku kwa sababu ya baridi.
- Waeleze watoto mapema kwamba nywele za mama zitaanguka na zitarudi.
- Akina baba, neno lenu ni dawa. Mke akisikia kwa mumewe kwamba bado anaheshimiwa, anapata nguvu ya kumaliza dozi.
- Majirani, msimnyooshee kidole wala msiulize kama ni sida.

Kuna jambo la hatari kuliko nywele: homa. Dawa za kansa zinapunguza askari wa mwili. Joto likifika digrii 38, mgonjwa aende kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na aseme kwamba yuko kwenye dawa za kansa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Jirani amekataa transferi kwa kuogopa kupoteza nywele. Utamwambia nini?
2. Kamati inaangalia mambo gani mawili makubwa? Kwa nini kuwahi kunasaidia?
3. Mgonjwa aliye kwenye dawa ana homa usiku. Mtafanya nini?

Ukiwa na uvimbe au dalili inayokutia wasiwasi, mwone mjitoleaji wa afya wa kata yako wiki hii. Atakusindikiza kituoni, na siri yako itatunzwa.