SOMO: Trekta Inayosukumwa kwa Mafuta

Wengi wetu tulijifunza kuendesha trekta ya klachi na gia. Lakini zipo trekta ndogo za aina nyingine: dereva hukanyaga pedali tu, nayo huenda mbele au nyuma, polepole au kwa kasi. Wepesi huo humfanya mtu adhani hakuna la kujifunza. Lipo, tena linahusu maisha yetu.

Inavyofanya kazi
Injini huzungusha pampu. Ndani yake mna pistoni zinazoegemea bamba la chuma. Bamba likiwa limenyooka, pistoni hazisukumi kitu na trekta husimama. Tukikanyaga pedali, bamba huinama, na pistoni husukuma mafuta hadi kwenye mota inayozungusha magurudumu. Bamba likiinama zaidi, mafuta mengi hupita na mwendo huongezeka. Likiinama upande wa pili, trekta hurudi nyuma.

Makosa matatu ya kuepuka
1. Kukanyaga zaidi mlimani. Pedali hii huongeza mwendo, haiongezi nguvu. Mzigo ukiwa mzito, kukanyaga sana hupunguza uwezo wa kuvuta na injini hulemewa. Tulegeze mguu, na tuweke gia ya chini kabla ya kuanza kupanda.

2. Kuacha trekta mteremkoni bila breki. Injini ikizimwa, mafuta hupenya polepole ndani ya pampu na mota, na trekta yaweza kuteremka yenyewe. Tufunge breki ya kuegesha, tushushe jembe chini, ndipo tuzime.

3. Kutafuta mvujo kwa mkono. Mgandamizo wa mafuta haya waweza kupita baa 200, na hewa ya tairi la gari dogo ni kama baa 2 tu. Mafuta yanayotoka katika tundu la sindano hupenya ngozi. Tutumie kipande cha kadibodi. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama haumwi, na daktari aelezwe ni mafuta ya mgandamizo.

Ndugu, anayeleta mashine mpya kazini alete na mafunzo yake. Jibu la "ni rahisi, kanyaga tu" lisitutoshe.

Maswali ya kujadiliana
Je, kazini kwetu nani amefundishwa mashine anayoiendesha? Nani bado, na tufanye nini?