Somo kwa Vikundi: Ukiumia Barabarani, Utampataje Wakili na Kesi Inaendaje?

Barabara yetu kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu mpaka Meru sote twaijua. Ina miteremko na kona, na ina makaburi mengi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia chini kutoka daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Na bila kwenda mbali, ni kijiji gani hakina kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda, au mama aliyegongwa na gari la miraa linalokimbilia Nairobi?

Mambo kama hayo yakitokea, vikundi vyetu hufanya kazi nzuri. Tunachanga pesa za hospitali, tunapika, tunazika. Lakini baada ya hapo tunanyamaza, na suala la fidia tunamwachia mtu wa kwanza atakayekuja. Mara nyingi mtu huyo ni dalali. Anafika wodini mgonjwa akiwa bado na dripu, anatoa karatasi, anasema, "Weka kidole hapa, mama, tutakusaidia." Miaka mitatu baadaye mama hajui wakili wake ni nani, kesi iko korti gani, wala kama pesa zililipwa.

Somo hili linataka kila mwanakikundi ajue mambo manne: karatasi za kuweka, siku ambazo sheria imetoa, namna ya kuchagua wakili, na namna ya kufuata kesi mpaka pesa zifike mkononi mwa mwenyewe.

KESI NI MBILI, SI MOJA

Hapa ndipo wengi hupotea. Polisi wakimshtaki dereva kwa kuendesha vibaya, hiyo ni kesi ya serikali. Akitozwa faini, faini ni ya serikali. Wewe hupati hata shilingi moja. Watu husema, "Dereva alishafungwa, mambo yamekwisha." Hapana. Kesi ya fidia ni nyingine, na ni wewe uliyeumia unayeifungua, dhidi ya dereva na mwenye gari. Lakini kesi ya kwanza yaweza kukusaidia. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika kesi yako. Kwa hiyo polisi wakikuita kutoa ushahidi, nenda.

Kumbuka pia kwamba fidia si zawadi ya kuumia. Ni lazima uonyeshe kwamba kuna mtu aliyekosea: alikimbiza gari, alipita mwenzake kwenye kona, au gari lilikuwa bovu. Korti ya fidia haitaki ushahidi usio na shaka yoyote kama kesi ya jinai. Inapima kama kwenye mizani, na upande ulio mzito kidogo ndio unaoshinda.

KARATASI ZA KUWEKA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kesi ya ajali ni hivyo hivyo. Weka hizi zote kwenye bahasha moja:

1. Namba ya gari. Iandike siku ile ile, hata kwenye mkono. Gari likikimbia na lisijulikane, hakuna wa kushtakiwa.

2. Namba ya OB kutoka kituo cha polisi cha mahali ajali ilipotokea. Baadaye uombe abstrakti ya polisi. Karatasi hii huonyesha gari, mwenyewe, kampuni ya bima na namba ya bima.

3. Fomu ya P3, iliyojazwa na daktari na kurudishwa polisi. Baki na nakala.

4. Karatasi zote za hospitali: kadi ya kwanza ya matibabu, barua ya kuruhusiwa kutoka, picha za eksirei.

5. Risiti za kila kitu: dawa, magongo, gari la kukupeleka kliniki. Korti hairudishi gharama kwa maneno matupu. Usipokuwa na risiti, umepoteza.

6. Majina na simu za mashahidi. Makanga na abiria hutawanyika haraka.

7. Uthibitisho wa kazi yako: hati ya mshahara, karatasi za majani chai au kahawa, daftari la biashara.

Mpe wakili nakala. Zile za asili, ukilazimika kumpa, akuandikie kwamba amezipokea.

SIKU ZA SHERIA

Sheria haimngoji mtu. Kesi ya kuumizwa kwa uzembe wa mwingine hufunguliwa kabla ya miaka 3 kwisha tangu siku ya ajali. Mtu akifa, jamaa wana miaka 3 tangu siku ya kifo. Lakini kama gari ni la serikali, muda ni miezi 12 tu. Wengi wameshindwa hapa kwa kudhani wana miaka mitatu.

Mtoto aliyeumia hufunguliwa kesi na mzazi au mlezi kwa niaba yake. Usingoje akue.

Na kama umeumia kazini, kwa mfano kwenye kiwanda cha chai, machimbo ya mawe au mashine ya mbao, njia ni nyingine. Tangu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, madai hayo hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si korti. Mahakama ya Juu ilikubaliana na sheria hiyo Desemba 2019. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7, na madai yaletwe ndani ya miezi 12. Kuanza njia hiyo hakuhitaji wakili.

KUCHAGUA WAKILI

Kwanza, wakili wa kweli hatumi watu hospitalini kuwinda wagonjwa. Sheria ya Mawakili inakataza jambo hilo, na inakataza wakili kugawana malipo na mtu asiye wakili. Kwa hiyo dalali akikuambia "mimi na wakili tunafanya pamoja", hapo pana ubovu. Mwambie asante, kisha uende mwenyewe kwenye ofisi ya wakili, Meru mjini, Embu, Chuka au Maua, ukiwa na mtu wa kikundi unayemwamini.

Ukifika, uliza bila woga:

- Je, una cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili? Cheti hiki hufanywa upya kila mwaka, na Chama cha Wanasheria wa Kenya chaweza kukuthibitishia.
- Ni wewe mwenyewe utakayesimama kortini, au ni mwingine?
- Gharama ni zipi, na nitalipa lini? Nani atalipa ada ya korti na ya ripoti ya daktari?
- Tukishindwa, nitadaiwa nini? Swali hili watu hulisahau, na mshindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Wengine wamesikia kwamba huko Marekani wakili huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja, na mkishindwa hachukui kitu. Kwetu Kenya Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya "nilipe tukishinda tu". Malipo ya wakili yana kipimo chake katika kanuni. Kwa hiyo ukiambiwa "tutagawana nusu kwa nusu", usikubali. Omba mapatano ya maandishi, usomewe kwa lugha unayoielewa, na ubaki na nakala. Kamwe usitie sahihi au kidole kwenye karatasi isiyojazwa.

KESI INAENDAJE

Wakili humwandikia mwenye gari barua ya madai na kuijulisha kampuni ya bima. Usimwache achelewe, maana bima isipojulishwa kwa wakati yaweza kukataa kulipa. Pia hutafuta rekodi za NTSA kujua gari ni la nani.

Wakikosa kuelewana, anafungua kesi, na ukubwa wa madai ndio unaoonyesha ni hakimu wa cheo gani. Kwa sheria ya 2015, hakimu mkuu husikiliza madai mpaka shilingi milioni 20, na hakimu mkazi mpaka milioni 5. Kwa hiyo kesi nyingi za kwetu zaweza kusikilizwa karibu: Nkubu, Maua, Chuka, Runyenjes, Siakago. Kila kesi ina namba yake. Iandike kwenye daftari lako. Ukiwa na namba hiyo waweza kwenda kwenye rejista ya korti na kuuliza kesi imefika wapi, bila kumngoja wakili apokee simu.

Upande wa pili huleta utetezi. Mara nyingi daktari wa bima naye atataka kukupima. Kisha mashahidi wanasikilizwa. Wakiumia watu wengi katika ajali moja, kama abiria wa basi, korti yaweza kusikiliza kesi moja kwanza kuamua kosa ni la nani, na nyingine zikafuata uamuzi huo. Usishtuke ukiambiwa kesi yako inangoja ya mwenzako.

Hakimu huamua mambo mawili: nani alikosea na kwa kiasi gani, na fidia ni kiasi gani. Tuseme mama alipanda bodaboda akiwa abiria wa tatu, bila helmeti. Hakimu aona majeraha yake ni ya shilingi 400,000, lakini kwamba naye alichangia kosa kwa asilimia 20. Atapata 320,000. Kumbe ile helmeti ina bei yake kortini pia! Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufani.

Mara nyingi bima hutaka maelewano nje ya korti. Hilo si baya, maana kesi huchukua miaka. Lakini ukishatia sahihi kwamba umekubali malipo hayo yawe ya mwisho, huwezi kurudi hata mguu ukikatwa baadaye. Ngoja daktari aseme umepona kiasi gani na kama kuna upasuaji mbele. Na uamuzi wa kukubali ni wako, si wa wakili.

KAMA MTU AMEKUFA

Kwa kawaida wanaoleta kesi huhitaji kibali cha korti cha kusimamia mambo ya marehemu. Safari huanza na barua ya chifu inayotaja jamaa. Sheria ya Ajali za Vifo inasema fidia ya kutegemea marehemu ni ya mke au mume, watoto na wazazi. Ndugu za marehemu hawamo. Tunasema hivi kwa sababu wajane wengi wamesukumwa kando na mashemeji walioenda kwa wakili kabla yao. Mjane, hakikisha jina lako na la kila mtoto limo katika barua ya chifu.

PESA ZINAPOLIPWA

Ukishinda, bima inatakiwa kulipa, lakini si zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Zinazozidi zadaiwa kwa mwenye gari. Tena kampuni za bima huanguka. United Insurance ilianguka 2005 na Blue Shield 2011, zikaacha watu wenye hukumu mkononi bila malipo. Ndiyo maana si vizuri kulala kesi ikishaamuliwa.

Kwa kawaida hundi huenda kwa wakili. Pesa hizo si zake. Anatakiwa kuziweka katika akaunti ya wateja, mbali na pesa zake mwenyewe. Mwombe nakala ya hukumu na hesabu iliyoandikwa: zilizolipwa ni ngapi, zilizokatwa ni za nini, na zako ni ngapi. Akikuzungusha, mwandikie barua yenye tarehe na ubaki na nakala. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoanzishwa 1989. Kesi ikifika mbele ya baraza la nidhamu, wakili aweza kusimamishwa au kufutwa kabisa kwenye orodha ya mawakili.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Chagueni wanachama wawili, mmoja wao mwanamke, wawe wasaidizi wa mambo ya ajali. Kazi yao ni kwenda hospitalini siku ya kwanza kabla ya dalali, kukusanya karatasi, kuandika tarehe ya mwisho ya kufungua kesi kwenye kitabu cha kikundi, na kumsindikiza mwenzetu kwa wakili. Wasishike pesa za mtu na wasilipwe na wakili yeyote, wasije wakageuka madalali wapya. Asiyeweza kumudu gharama aulize ofisi ya Haki na Amani ya jimbo, au shirika la Msaada wa Kisheria la serikali lililoundwa kwa sheria ya 2016.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nani ameumia barabarani miaka mitatu iliyopita? Siku zake zimebaki ngapi?
2. Kuna mwenzetu aliyetia sahihi karatasi asizozielewa? Tufanye nini wiki hii ili ajue wakili wake na namba ya kesi yake?
3. Je, kuna mjane ambaye jina lake liliachwa nje? Nani atamsindikiza kwa chifu?
4. Ni wanachama gani wawili tutakaowachagua leo kabla ya kufunga mkutano?