Pumzi Inanikatika Ndakaini

*Naishi Mombasa na huendesha baiskeli kila wiki bila shida. Lakini kuzunguka bwawa la Ndakaini kulinimaliza pumzi. Je, moyo wangu una kasoro? — Msomaji, Nyali*

Hofu yako naielewa, ila huenda moyo ni mzima. Ndakaini iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi huko ina oksijeni kidogo kuliko Nyali, na barabara za mashamba ya chai karibu na msitu wa Aberdare ni vilima mtindo mmoja. Ukirudi, fika siku mbili mapema, ulale huko. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, upande kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Mteremkoni, lami ikilowa, punguza kasi kabla ya kona. Kifua kikibana, au kizunguzungu kisipoisha ukipumzika, acha kuendesha umwone daktari.