Mzee anashiba, lakini nani anazungumza naye?

Siku hizi mtu akiulizwa hali ya mama yake aliyeko kijijini, jibu huwa jepesi: "Alhamdulillah, namtumia fedha kila mwezi." Na kweli anamtumia, kwa simu, na mjukuu anatumwa kwa wakala kuzitoa. Bima ya afya amelipiwa, godoro jipya amenunuliwa. Lakini muulize mtu huyo mara ya mwisho alikaa kitako na mama yake wakazungumza ilikuwa lini, ataanza kuhesabu Idd zilizopita.

Ndugu msomaji, sibezi fedha hizo. Kuwalisha wazazi ni wajibu wa mtoto mwenye uwezo. Ninachokipinga ni dhana iliyotuingia kwamba mzee akishapata chakula, dawa na mahali pa kulala, basi haki yake imekwisha. Dini haisemi hivyo, na elimu ya tiba nayo kwa zaidi ya miaka arobaini sasa imekuwa ikisema kinyume chake.

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Lisa Berkman na Leonard Syme, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka tisa karibu watu 7,000 wa Alameda, California. Waliangalia ndoa, ndugu, marafiki na vikundi vya ibada au vya kijamii. Wale ambao mahusiano yao yalikuwa machache kabisa walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa na watu, na tofauti hiyo haikufutika hata baada ya kuzingatia sigara, ulevi na unene.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni wa wazee wa Chicago, ambao walikubali wakiwa hai kwamba wakifa ubongo wao uchunguzwe. (Hukumu ya kupasua maiti ni mlango mwingine wa fiqhi, tusiuingie leo.) Mwaka 2006 Dk. David Bennett na wenzake walieleza walichokikuta katika ubongo wa wazee 89. Wengi walikuwa na alama za Alzheimer, ule ugonjwa unaofuta kumbukumbu mpaka mtu akamsahau mwanawe. Kwa mzee aliyekuwa na jamaa na marafiki wachache, kadiri alama zilivyozidi, ndivyo akili yake ilivyokuwa imeporomoka kabla ya kufa. Kwa aliyekuwa na watu wengi wa kuonana nao, alama zile zile hazikuwa zimemuathiri kwa kiasi hicho. Maradhi yalikuwemo kichwani, lakini mtu mwenyewe aliendelea kuwajua watu wake.

Mwaka uliofuata, watafiti wa huko huko wakaeleza kuwa wazee wenye upweke mwingi walipatwa na ugonjwa huo kwa takriban mara mbili ya wasio na upweke. Na upweke hapa si kuishi peke yako. Mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba yenye watu kumi.

Atasema msemaji: huenda ugonjwa ndio unaoanza, ukamfanya mzee ajitenge. Ni hoja ya haki, na wataalamu wenyewe wanaijadili. Hata hivyo, tazama kazi inayofanywa na mazungumzo. Mzee anatafuta jina, anakumbuka mwaka, anafuata maneno ya mwenzake, anapima jibu, anacheka. Ubongo wote umo kazini. Aliyeachwa mbele ya televisheni tangu asubuhi hana kazi hiyo.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu. Wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yakaonyesha kuwa takriban 6 katika kila 100 wana maradhi ya kupoteza akili ya uzeeni. Huku kwetu tunasema "amezeeka tu", au vibaya zaidi, tunatafuta nani kamroga, au tunamwita yeye mwenyewe mchawi.

Sasa turudi katika dini. Imo katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Anas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa kuunga undugu kunakunjua riziki na kurefusha umri. Wanazuoni wamehitalifiana iwapo ni urefu wa miaka au ni baraka ndani yake. Vyovyote iwavyo, sharti ni kuunga. Na ukiizingatia aya ya 23 ya Surat Al-Israa, inayotaja wazazi kufikia uzee wakiwa kwetu, utaona jambo: baada ya kuamrisha wema, inakuja moja kwa moja katika ulimi. Tusiwaguneshee, tusiwakemee, tuseme nao kwa heshima. Atatekelezaje hilo mtu ambaye hasemi nao kabisa?

Nalisema hili kwa sababu naona barazani kwetu tunavyowafanyia wazee waliopungua masikio. Watu wanacheka, mzee anauliza, "Amesema nini?" Anajibiwa, "Si kitu, babu." Mara ya tatu haulizi tena. Baada ya mwezi haji barazani, na sisi tunasema amekuwa mkimya. Ripoti ya wataalamu iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024 imeyataja yote mawili, kupungua kwa usikivu na kutengwa na watu, miongoni mwa mambo 14 yanayochangia ugonjwa huo na ambayo yanaweza kurekebishwa.

Kwa hiyo mzee wa namna hiyo, kabla ya kuambiwa amechoka, apelekwe hospitali akapimwe masikio. Mara nyingine kinachomzuia ni nta tu, na huondolewa siku hiyo hiyo.