Sinema ya Sebuleni: Somo la Manukuu ya Kiswahili kutoka Pinga

Utangulizi

Makala haya yanatokana na kazi ndogo niliyoifanya nyumbani kwetu Pinga, mpakani mwa Walikale na Masisi, wakati wa likizo. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi, ndugu zangu walikuwa na televisheni isiyokamata stesheni yoyote, na jirani alikuwa na spika mbili. Tuliviunganisha vitu hivyo, sebule ikawa sinema. Nilidhani ugumu ungekuwa katika nyaya. Kumbe ulikuwa katika lugha, na ndiyo maana ninauleta kwa wasomaji wa jarida la kitivo chetu.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: tunapoandika manukuu ya Kiswahili, yaani tafsiri inayopita kwa maandishi chini ya picha, tunamwandikia nani, na kwa Kiswahili kipi? Nitaanza na vifaa, kwa sababu bila vifaa hakuna somo. Kisha nitaeleza jinsi faili la manukuu linavyoandikwa, nilikosea wapi, na nilijifunza nini.

Vifaa na sauti

Kompyuta huungana na televisheni kwa waya mmoja wa HDMI unaobeba picha na sauti pamoja. Umeme wetu hutoka juani. Betri ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1200, lakini betri ya risasi haifai kumalizwa. Tukitumia nusu tunabaki na 600. Kompyuta yangu hula wati 45, televisheni 45, spika 20, jumla 110. Ukitoa kinachopotea kwenye kifaa cha kugeuza umeme, zinabaki saa nne hivi za kutazama. Filamu moja ya saa mbili haitishi, na taa haizimiki.

Tatizo la kwanza la lugha lilikuja kwa njia ya sauti. Filamu nyingi hurekodiwa kwa njia sita za sauti, na maneno ya wahusika huwekwa hasa katika njia ya katikati. Mwenye spika mbili tu anaweza kusikia muziki na milipuko, huku mazungumzo yakififia. Dawa yake ni kuiagiza programu ya kuchezea filamu ichanganye njia zote ziwe mbili. Mimi hutumia VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, na ambayo tangu 2001 imekuwa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Lakini mvua ya Pinga ikipiga bati, hata njia sita hazisaidii. Hapo ndipo manukuu huwa msaada hata kwa anayejua lugha ya filamu.

Faili la manukuu

Manukuu hayahitaji programu ya gharama. Faili la aina ya SRT ni maandishi matupu. Kila kipande kina namba, saa ya kutokea na ya kutoweka, maneno yenyewe, kisha mstari mtupu:

1
00:04:10,000 --> 00:04:13,500
Shangazi, usifungue mlango.
Hao si wageni.

Faili likipewa jina lile lile la filamu na kuwekwa katika folda moja nayo, programu hulipata yenyewe. Manukuu yakiwahi au yakichelewa, katika VLC unabonyeza herufi G au H mpaka yaende sawa na midomo.

Kanuni inayofuatwa sana na watafsiri wa filamu ni mistari isiyozidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na kasi ya herufi kama 17 kwa sekunde kwa msomaji mzima. Kwa hesabu hiyo, mistari miwili iliyojaa hukaa kwenye kioo sekunde tano. Kwa familia yangu kasi hiyo ilikuwa mbio za kufukuzana. Nilishuka hadi herufi 12 kwa sekunde, na mistari ile ile ikahitaji sekunde saba.

Hapa wengi wetu hudai kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa manukuu. Sikubaliani nao. Kifaransa husema «Je ne les ai pas encore vus», herufi 27 pamoja na nafasi. Kiswahili husema «Sijawaona bado», herufi 14. Kitenzi chetu hubeba nafsi, ukanushi, wakati na mtendwa katika neno moja. Ugumu uko kwingine: neno lililobeba yote hayo halikatiki vizuri mwisho wa mstari, na msomaji asiyezoea hulisoma silabi kwa silabi. Kwa hiyo mtafsiri wa Kiswahili anabana mambo mengi katika nafasi ndogo, lakini lazima amwache msomaji apumue.

Kosa la «bibi»

Filamu ya kwanza niliyoitafsiri ilikuwa ya kifamilia, iliyotiwa sauti ya Kifaransa. Nilitumia Kiswahili tunachofundishwa darasani. Kijana katika filamu anasafiri kwenda kumuaga nyanya yake mgonjwa, nami nikaandika: «Nakwenda kumuaga bibi yangu.»

Sebule nzima ilishangaa. Katika Kiswahili cha kwetu bibi ni mke. Watazamaji wangu walikuwa wamemwona kijana huyo akichumbia dakika kumi kabla, na sasa wakauliza bibi huyu mzee ametoka wapi. Nilijaribu kurekebisha kwa kuandika «nyanya», mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa, maana kwetu nyanya ni tunda la mchuzi. Mwishowe niliandika «mama ya baba yangu». Sarufi ya darasani ingedai «mama wa baba yangu», lakini hadithi ilieleweka.

Maneno ya namna hii si machache. «Yaya» kwetu ni ndugu mkubwa. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ni mlezi wa watoto wa kuajiriwa. Sisi husema «batoto», si «watoto», na mazoea tunayaonyesha kwa kiambishi -ka mwishoni mwa kitenzi: «anakuyaka» ni mtu ambaye huja mara kwa mara. Hata kompyuta yenyewe ina majina mengi: vitabu vingine husema tarakilishi, vingine vilijaribu ngamizi, na nyumbani hutamkwa kwa Kifaransa.

Je, tuandike manukuu kwa Kiswahili cha Kivu? Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Haisemi ni Kiswahili cha wapi. Msimamo wangu ni wa kati. Tahajia na sarufi ya msingi ibaki sanifu, kwa sababu watoto wamejifunza kusoma kwa tahajia hiyo na faili linaweza kusafiri mpaka Kisangani au Kigoma. Lakini pale neno sanifu linapomaanisha kitu kingine kwa mtazamaji, neno hilo liondoke. Kosa la tahajia humkwaza mwalimu; kosa la «bibi» humwoza mjukuu kwa nyanya yake.

Wasiosoma

Kosa kubwa zaidi sikuliona mpaka siku ya tatu. Mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliinuka katikati ya filamu akaenda kukaa nje. Nilimfuata nikamuuliza kama anaumwa. Akanijibu: «Hii filme ni ya bale balisoma. Mi naona tu midomo inatembea.»

Nilikuwa nimehesabu herufi kwa sekunde bila kumhesabu yeye. Katika eneo ambako watu wamekimbia na kurudi mara nyingi, shule imekatika kwa wengi, na kusoma haraka ni uwezo wa wachache ndani ya nyumba. Nilikuwa nimehamisha ukuta: kabla Kifaransa kilimfungia nje, sasa maandishi yangu ndiyo yalimfungia.

Kesho yake nilimwomba binamu yangu wa darasa la sita asome manukuu kwa sauti. Sikuwa nimebuni jambo jipya. Afrika Mashariki imekuwa na wasimulizi wa filamu wanaojulikana: Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na wale wa Uganda waitwao VJ, ambao huieleza filamu kwa lugha ya watazamaji wao. Na kwa watu wa Walikale mfano uko karibu zaidi. Mwaka 1956 Candi Rureke, shekarisi wa Kinyanga, alisimulia utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Alisimulia, akaimba na kucheza, huku vijana wakimpigia mdundo na wasikilizaji wakiitikia. Mtu mmoja alibeba sauti za wahusika wote, na hakuna aliyepotea.

Binamu yangu, kwa upande wake, alipotea. Manukuu yaliyoandikwa kwa macho hayafai kwa sikio. Macho huona ni mdomo gani unaosema; sikio husikia sauti moja ya mtoto. Tena Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, hivyo «alimwambia aondoke» ilizua maswali mawili kila mara: nani, na nani?

Nikaandika upya kwa kanuni tatu. Kwanza, kila msemaji amwite anayeambiwa pale panapokuwa na mashaka: «Shangazi», «Mjomba», «Baba mdogo». Kifaransa cha filamu hakikuwa na maneno hayo kila mahali, lakini desturi yetu inayo, na yanaonyesha ukoo na heshima kwa neno moja. Pili, kipande kinachosomwa kwa sauti kiwe na sentensi moja fupi, kisha kimya, ili kilio na kicheko cha mhusika visifunikwe. Tatu, msomaji aruhusiwe kuacha maneno ambayo picha imekwisha kuyasema.

Hitimisho

Mama mkubwa alirudi ndani. Katikati ya filamu alimkatiza msomaji: «Ngoja kwanza. Huyu mutoto, mama yake iko wapi?» Tulisimamisha filamu, tukajibizana, tukaendelea. Filamu ya saa mbili ilichukua karibu saa tatu, na betri ilitosha.

Ninachowapendekezea wenzangu ni kwamba manukuu ya Kiswahili kwa nyumba kama zetu yatayarishwe kama maandishi yenye kazi mbili: yasomwe kwa macho na anayeweza, na yasomwe kwa sauti kwa asiyeweza. Jaribio la ubora wake lisiwe kamusi peke yake. Liwe pia mtu mmoja sebuleni ambaye hakusoma.

Zoezi. Chagua dakika tano za filamu yoyote ya lugha ya kigeni. (a) Andika manukuu yake kwa Kiswahili, usizidi herufi 12 kwa sekunde. (b) Msomee kwa sauti mtu mzima asiyejua lugha hiyo, umwombe akusimulie alichoelewa. (c) Orodhesha maneno yaliyompoteza, ueleze kama kosa lilikuwa la msamiati, la nafsi au la urefu. (d) Andika upya, kisha mrudie mtu yule yule.