Kondo la Nyuma: Kwanza Ujue Seli ni za Nani

Ukishapata kondo kwa ridhaa ya mama aliyejifungua, usikimbilie alama za seli shina. Uliza kwanza seli unazozikuza kutoka humo ni za nani. Amnioni na korioni ni za mtoto, lakini upande ulioshikamana na mji wa mimba hubaki na desidua, ambayo ni nyama ya mama. Kijipande chake kikiingia kwenye chombo cha kukuzia, seli za mama huweza kuongezeka hadi zikakijaza chote. Kwa darubini hutaona tofauti: zote ni ndefu, zimechongoka ncha, zimeganda kwenye plastiki.

Mtoto akiwa wa kiume, kazi ni nyepesi. Tafuta kromosomu Y. Seli yenye XX ni ya mama. Akiwa wa kike, linganisha vipande vya DNA vinavyojirudia na vile vya damu ya mama na ya kitovu. Rudia kipimo kila unapozihamisha seli mara kadhaa, maana jibu la wiki ya kwanza halidumu. Wataalamu waliokutana Brescia, Italia, mwaka 2007 walitaka seli za mama zisifike asilimia 1, nami naona sharti hilo ni la haki kabisa.

Hapo ndipo uende kwenye alama. Kwa seli shina za mesenkima, kigezo cha mwaka 2006 kinadai angalau asilimia 95 ziwe na CD73, CD90 na CD105, na zisizidi asilimia 2 zenye alama za damu kama CD45 na CD34. Usiishie hapo: fibroblasti za kawaida nazo hubeba alama hizo tatu. Zilazimishe seli zigeuke mfupa, mafuta na gegedu, na weka kando chombo kingine kisichotiwa dawa ya kuzigeuza, upate cha kulinganishia.

Trofoblasti, yaani seli za tabaka la nje la kondo, ni habari nyingine. Alama za GATA3 na KRT7 hazitoshi, kwani amnioni nayo inazo. Ongeza kipimo cha HLA, cha metili kwenye jeni ELF5, na cha maikroRNA za kundi la C19MC. Tena, seli shina za trofoblasti ambazo Okae na wenzake walizikuza Japani mwaka 2018 zilitoka kwenye viinitete na kondo za miezi mitatu ya kwanza. Kama kondo lako ni la mimba iliyotimia, tafuta mesenkima.