Televisheni ya Kulipia, Antena au Simu? Somo kwa Vikundi



Katika mikutano yetu ya vikundi tumekuwa tukifundisha namna ya kuweka daftari la matumizi ya nyumbani. Leo tunataka tuangalie jambo moja lililotushangaza tulipolifungua daftari hilo na kikundi cha akina mama kule Mkwiro, mashariki ya kisiwa cha Wasini. Tulidhani baada ya unga na maji, pesa nyingi zitakuwa zimeingia katika ada ya shule. Kumbe sivyo. Katika nyumba kadhaa nafasi ya tatu ilishikwa na king'amuzi.

Sisi wahudumu wa jamii tuna ugonjwa mmoja: tukiona neno "televisheni" katika daftari, kalamu nyekundu inatoka yenyewe. Tukasema, hii ni anasa, ikatwe. Mama mmoja mwenye watoto wanne, ambaye mumewe ni mvuvi, alitii. Alikuwa ameshakopa mara mbili katika mfuko wa kikundi ili alipie mwezi, na deni lilikuwa linamuumiza. Akaacha kulipa. Tukarudi Shimoni kwa boti tumefurahi, tukiona tumefanya kazi.

Baada ya miezi miwili tulipovuka tena, yule mama hakutukaribisha kwa maneno matamu. Alisema, "Sikizani, walimu. Mumenirudishia shilingi zangu, lakini mumenitolea mtoto nyumbani." Kijana wake wa miaka kumi na minne alikuwa sasa anakwenda kutazama mpira kwenye banda la video, anarudi usiku wa manane, na pesa ya kiingilio hakuna aliyejua anaipata wapi. Hatukuwa na jibu. Ndipo tulipokaa chini, sisi na wao, tukaanza somo hili upya.

Kwanza tujiulize, kwa nini malipo haya yanawashinda watu ambao si wavivu na wala si wabadhirifu? Jibu alilitoa mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu pembeni, hata hakuwa mwanakikundi. Alisema kampuni inahesabu kwa kalenda, na mvuvi anahesabu kwa upepo. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, pesa inaingia, na kulipia mwezi ni jambo dogo. Kusi ikivuma, dau linakaa ufukoni siku nyingi, lakini king'amuzi hakijui kusi. Tarehe ikifika kinafunga. Kwa mtu wa mshahara malipo ya kila mwezi ni sawa. Kwa mtu wa bahari ni mtego, hata kama kiasi chenyewe si kikubwa.

Watu wa Mkwiro hawako peke yao. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zilikuwa zikiletewa televisheni kwa waya, watu wamekuwa wakiuacha kwa miaka zaidi ya kumi. Mwezi Mei 2025, kwa mara ya kwanza, muda ambao Wamarekani walitazama kwa intaneti ulizidi muda wa waya na wa antena ukijumlishwa pamoja. Huku kwetu waya haukufika visiwani; ya kulipia ni ile ya dishi au ya king'amuzi. Lakini hata hapa mambo ni yale yale. Kampuni ya MultiChoice, yenye DStv na GOtv, ilitangaza kwamba katika mwaka mmoja ulioishia Machi 2025 ilipoteza wateja wapatao milioni 1.2 barani Afrika, wakabaki milioni 14.5.

Sasa tuje kwenye antena. Wengi wetu tunaamini kwamba antena ilikufa pale mitambo ya zamani ilipozimwa. Tukumbushane. Mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 matangazo yahamie mfumo wa dijitali. Kenya ilianza kuzima Nairobi mwezi Februari 2015, kukawa na mvutano mkubwa, na stesheni kubwa za kibinafsi zikakaa karibu majuma matatu bila kuonekana. Katika vurugu ile watu walikimbilia king'amuzi chochote walichokiona dukani, na wengi wakapata kile cha kulipia. Tangu siku hiyo wakajua kwamba dijitali maana yake ni kulipa kila mwezi. Hilo ni kosa. Viko ving'amuzi vya stesheni za bure ambavyo unanunua mara moja tu. Na zaidi ya hayo, televisheni nyingi za siku hizi zina king'amuzi ndani yake tayari! Kule Mkwiro tulikuta nyumba mbili zenye televisheni za namna hiyo, zimeunganishwa na dishi lililokatika, na wenyewe hawajui.

Jambo la kuangalia ni herufi T2. Kenya inatumia mfumo wa DVB-T2, na kifaa kilichoandikwa DVB-T bila ile 2 hakitashika kitu. Mwanakikundi mmoja aliuziwa cha namna hiyo na mchuuzi, akakizungusha wiki nzima akidhani antena ndiyo mbovu. Basi kabla ya kutoa pesa, someni maandishi ya kwenye boksi, au mtume kijana asome.

Antena yenyewe iwe ya nje, iwe juu, na isizibwe na minazi wala miembe, maana majani mabichi hupunguza mawimbi. Zamani ishara ikidhoofika uliona chenga, ukavumilia. Dijitali haina chenga: picha ipo safi, au inaganda, au haipo kabisa. Kwa hiyo ukigeuza antena, geuza kidogo, ngoja, kisha geuza tena. Anayezungusha haraka haraka ataipita stesheni bila kuiona. Pale kisiwani adui mkubwa ni chumvi. Viungo vya waya vifungwe vizuri kwa tepu na vikaguliwe kila msimu, na mlingoti ukazwe kabla ya kusi. Ushauri wetu ni kwamba kikundi kiazime antena moja kijaribu nyumba kwa nyumba kabla ya mtu yeyote kununua, kwa kuwa nyumba mbili jirani zinaweza kupata tofauti kabisa.

Na simu? Vijana walituambia tunapoteza wakati, kila kitu kiko kwenye simu. Ni kweli mambo yamebadilika tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Lakini tufanye hesabu. Saa moja ya filamu yenye picha ya kawaida inaweza kula gigabaiti nzima, na ikiwa ya hali ya juu inafika hata tatu. Tuseme unanunua bando la shilingi 50 kila siku: kwa siku 30 ni shilingi 1,500, zimetoka kidogo kidogo bila mtu kuziona wala kuziandika katika daftari. Vile vile msitegemee sana cha bure. Netflix walitoa huduma ya bure kwa simu hapa Kenya mwezi Septemba 2021, na Novemba 2023 wakaifunga. Na simu inatazamwa na mtu mmoja kwenye pembe yake. Akina mama ndio waliolitaja hili, si sisi. Televisheni ikiwa sebuleni, mama anajua mtoto anatazama nini.

Ikabaki mpira. Tuseme ukweli, mechi nyingi za Uingereza haziletwi na antena ya bure, na wanaume hawatalala kwa sababu ya daftari letu. Hapo mjadala ulikuwa mkali, tena wa kuchekesha. Mwishowe nyumba tatu zenye undugu zilikubaliana hivi: kila moja iwe na antena yake kwa habari na vipindi vya kila siku, na nyumba moja iweke king'amuzi cha kulipia, kilipiwe kwa mchango katika miezi ya kaskazi tu. Kusi ikiingia kinazimwa, na hakuna kukopa katika mfuko kwa ajili yake. Siku ya mechi watoto wanakaa kwenye mkeka, baba zao nyuma yao. Hakuna kiingilio.

Yule kijana anakuja. Si kila mara, mama yake alituambia, na bado hajasema ile pesa ya banda alikuwa anaitoa wapi.

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi aandike kwa juma moja pesa zote zilizotumika kwa king'amuzi, bando na banda, pamoja na zile za watoto. Kisha tuzungumze: katika nyumba yako, ni nani anayeamua kulipia, na ni nani anayekosa kitu siku hiyo?